Walijua Ni Sumu, Wakatuuzia Karibu Miaka 100

Hii ni ndefu kuliko posti zangu za kawaida, kwa hivyo kama uko kwa mathree na jam imekamata, uko mahali poa kabisa. Angalia nje ya dirisha. Unaona ule moshi wa gari la mbele? Leo tunaongea juu ya kitu kilichokuwa ndani ya huo moshi mpaka juzi tu, vile kiliingia, na mbona ilichukua karibu karne nzima kukitoa.

Nilianza kufuatilia hii stori kwa sababu ya ugomvi na anko wangu.

Anko ni kakake mamangu, na ni fundi wa betri za gari. Kazi yake anaifanyia nyuma ya ploti yetu hapa Eastlands. Betri ikikufa anaivunja, anatoa yale mabamba ya ndani, anayaweka kwa sufuria kuukuu juu ya jiko la makaa hadi yayeyuke, halafu anamwaga ule uji kutengeneza vichwa vipya vya betri. Watoi wa ploti wanapenda sana kuangalia, kwa sababu ikiyeyuka inang'aa kama fedha. Binamu yangu wa miaka minne huokota matone yaliyoganda chini na kuyachezea. Wakati mwingine anayaweka mdomoni.

Siku moja nikamwambia, "Anko, hiyo ni risasi, si ungeyeyushia mbali na watoto?" Akacheka. Akaniambia, "Kijana, hii kazi nimeifanya miaka ishirini. Nimekufa?" Halafu akaongeza ile ya kuniua kabisa: "Na wewe uliacha chuo, sasa ndiye wa kunifunza sayansi?"

Sikuwa na jibu. Nikaingia ndani nikaanza kusoma. Nilichopata ni kwamba lile swali la Anko, "nimekufa?", ndilo swali lililotumika kuuzia dunia nzima sumu kutoka 1923 hadi 2021.

Kwanza, mwili

Kuna madini ambayo mwili unayataka, lakini kidogo sana. Madini ya chuma kwa damu, ayodini kwa tezi ya shingo, zinki kwa kinga na kukua, shaba kidogo, seleniamu kidogo kuliko hiyo. Ukiyakosa unaugua, ukiyazidisha pia unaugua. Kuna daktari Mswisi wa karne ya 16 anaitwa Paracelsus, alisema kila kitu ni sumu na kinachotofautisha ni kipimo tu. Dawa zako za kichwa ziko hivyo. Hata maji yako hivyo.

Risasi haiko kwa hiyo listi. Mwili wako hauna kazi hata moja wa kuipa. Na Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi kwa damu kinachojulikana kuwa salama.

Shida ya risasi ni kwamba inajua kujifanya. Kwa mwili inafanana na kalsiamu. Milango ya kalsiamu inaifungulia, inapita, inaingia hadi kwa ubongo, na pale inavuruga vile seli za ubongo zinaongea. Inafukuza zinki kwa vimeng'enya vinavyotengeneza damu, ndiyo maana mtu mwenye risasi nyingi hukosa damu. Halafu inaenda kukaa kwa mifupa, tena kama kalsiamu. Kwa damu inakaa kama mwezi mmoja hivi kabla nusu yake itoke. Kwa mifupa inakaa miaka na miaka. Mama akishika mimba, mwili unachota kalsiamu kwa mifupa yake kumjenga mtoto, na ile risasi ya zamani inachotwa pamoja nayo.

Mtoto mdogo ananyonya risasi tumboni mara nne au tano kuliko mtu mzima, kutoka kwa uchafu ule ule. Na ubongo wake ndio kwanza unajengwa. Kwa hivyo Anko anaweza kusimama hapo miaka ishirini na bado atembee. Lakini swali halikuwa la Anko. Swali lilikuwa la yule wa miaka minne.

Na usidhani haya ni mambo ya jana. Vitruvius, mjenzi wa Roma ya kale, aliandika kwamba maji ya mabomba ya udongo ni bora kuliko ya mabomba ya risasi, na ushahidi wake ulikuwa ni mafundi wa risasi wenyewe: aliona vile ngozi yao imepauka. Hiyo ni zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Jamaa hakuwa na maabara. Alikuwa na macho tu.

Dayton, 1921

Sasa twende Marekani. Magari ya wakati huo yalikuwa na shida moja: injini inagonga. Petroli inawaka kabla ya wakati wake, unasikia ko-ko-ko, nguvu inapotea na injini inaharibika. General Motors wakampa hiyo kazi injinia wao anaitwa Thomas Midgley, katika mji wa Dayton, Ohio. Alijaribu vitu vingi sana. Tarehe 9 Desemba 1921 akaweka kitu kinaitwa tetraethili ya risasi, kidogo tu, na kugonga kukaisha.

Hapa ndipo nilikasirika mara ya kwanza. Haikuwa njia pekee. Midgley mwenyewe alikuwa ameshaonyesha kwamba ukichanganya petroli na pombe, yaani ethanoli, injini pia inaacha kugonga. Lakini pombe mtu yeyote na shamba lake anaweza kupika. Huwezi kuimiliki. Ile ya risasi unaweza kuichukulia hataza, na kila galoni ikiuzwa unapata chako.

Februari 1923 ikaanza kuuzwa. Jina waliloipa ni "Ethyl". Ona hiyo. Neno risasi halipo. Mwaka uliofuata General Motors na Standard Oil ya New Jersey wakaunda kampuni nzima ya hiyo bidhaa, Ethyl Corporation.

Na walijua. Mwanzoni mwa 1923 Midgley alilazimika kuacha kazi kwa muda na kwenda Florida kupumzika kwenye hewa safi, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ameathirika na risasi.

Oktoba 1924, kwa kiwanda cha Standard Oil kule Bayway, New Jersey, wafanyakazi wakaanza kuona vitu havipo. Wakapiga kelele, wakapigana na hewa. Wengine ilibidi wafungwe nguo za kuzuia wendawazimu. Watano wakafa, na wengine zaidi ya 30 wakalazwa. Magazeti yakaanza kuiita gesi ya wazimu. New York City ikaipiga marufuku.

Kampuni ikafanya nini? Tarehe 30 Oktoba ikaita waandishi wa habari na kumleta Midgley mbele yao. Akanawa mikono na ile kemikali. Akanusa chupa kama dakika moja. Akawaambia angeweza kufanya hivyo kila siku na asipate shida. Huyu ni mtu aliyekuwa amerudi kutoka kuuguza sumu hiyo hiyo mwaka mmoja na kitu kabla.

Nikasoma hapo nikaweka simu chini. "Nimefanya hii miaka ishirini, nimekufa?" Ni Anko kabisa. Tofauti ni kwamba Anko haelewi, na Midgley alielewa.

"Tuonyeshe maiti"

Mei 1925 serikali ya Marekani iliitisha mkutano mkubwa Washington. Upande mmoja kulikuwa na watu kama Alice Hamilton, daktari ambaye hakuna mtu Marekani aliyejua magonjwa ya viwandani kumshinda. Yeye na wenzake walisema hivi: wachana na wafanyakazi wa kiwanda, fikirieni barabara zote, kidogo kidogo, kila siku, miaka mingi. Upande wa pili mtu wa Ethyl akasema huu ugunduzi ni kama zawadi ya Mungu, na huwezi kutupa zawadi ya Mungu kwa sababu ya hofu tu.

Kamati ikaundwa. Ikapima wanaume 252, madereva na watu wa gereji, kwa miezi michache. Januari 1926 ikasema haioni sababu nzuri ya kupiga marufuku, lakini utafiti uendelee kwa muda mrefu, maana madhara yanaweza kuja polepole. Ile sehemu ya kwanza ikafuatwa. Ile ya pili ikasahauliwa.

Aliyejaza hilo pengo ni daktari anaitwa Robert Kehoe, na maabara yake ililipwa na kampuni zenyewe. Kwa miaka karibu 40, ukitaka kujua kama risasi ya petroli ina madhara, jibu lilitoka kwake. Msimamo wake: risasi mwilini ni ya kawaida, mwili unaitoa wenyewe, na chini ya mikrogramu 80 kwa kila desilita ya damu mtu yuko sawa. Kama unapinga, leta ushahidi wa madhara. Leo taasisi ya udhibiti wa magonjwa ya Marekani inaanza kufuatilia mtoto akifika 3.5. Linganisha 80 na 3.5.

Shika hiyo akilini, kwa sababu mbinu ni ile ile hata leo. Hawakuhitaji kuthibitisha bidhaa ni salama. Walihitaji tu wewe ushindwe kuthibitisha inaua. Tuonyeshe maiti kwanza. Na sumu ya polepole haiachi maiti moja mahali pamoja. Inamtoa kila mtoto kidogo: kidogo kwa akili, kidogo kwa utulivu, na hakuna mtu anayeandika hiyo kwa cheti cha kifo.

Mtu wa mawe

Aliyewaharibia mpango hakuwa hata daktari. Clair Patterson alikuwa mwanakemia anayetaka kujua umri wa dunia. Njia yake ilikuwa kupima risasi ndani ya kimondo, kwa sababu urani ikizeeka hugeuka kuwa risasi kwa mwendo unaojulikana. Lakini kila akipima, namba zinakataa. Risasi ilikuwa kwa meza, kwa hewa, kwa nywele zake, kila mahali. Akasugua maabara miaka. Mwishowe, 1956, akachapisha jibu: dunia ina miaka bilioni 4.55. Jibu hilo halijabadilika sana hadi leo.

Angeishia hapo angekuwa tu shujaa wa vitabu. Lakini alijiuliza, hii risasi yote inatoka wapi? Akapima bahari: juu ina nyingi, chini kidogo. Akachimba barafu ya Greenland, ambapo theluji ya kila mwaka iko kwa tabaka lake kama kurasa za daftari, na akaona risasi ikipanda, halafu ikiruka karne ya 20. Mwaka 1965 akaandika kwamba risasi iliyo kwa miili ya Wamarekani si ya asili hata kidogo, ni kama mara 100 ya ile inayopaswa kuwa.

Wakamshukia. Pesa za utafiti zikakauka. Mwaka 1971, baraza la utafiti la taifa lilipounda jopo la kuchunguza risasi kwa hewa, yeye, aliyeijua risasi kuliko karibu kila mtu, hakuwekwa.

Halafu 1979 daktari wa watoto anaitwa Herbert Needleman akatumia kitu rahisi sana: meno ya utotoni. Watoto wa shule karibu na Boston waking'oka jino, wanampa. Jino linahifadhi risasi kama mfupa. Akapata kwamba watoto wenye risasi nyingi kwa meno, ambao hawakuwa wagonjwa kwa macho, walipata alama za chini kwa vipimo vya akili, na walimu wao waliwaona kama watoto wasiotulia, wasiofuata maagizo. Naye alishtakiwa kwamba amepika data. Ilimchukua hadi miaka ya 90 kusafishwa jina.

Marekani ilikuwa imeshaanza kupunguza miaka ya 70, na Januari 1996 ikapiga marufuku kabisa kwa magari ya barabarani. Kati ya mwisho wa miaka ya 70 na mwanzo wa 90, wastani wa risasi kwa damu ya Wamarekani ulishuka kutoka 12.8 hadi 2.8. Hiyo ndiyo ilikuwa "kawaida" ya Kehoe. Ilitoka kwa bomba la gari.

Sasa sisi

Soko likifungwa kwao, mnajua bidhaa huenda wapi. Tajiri akiacha, maskini ndio wateja wapya. Kampuni ya Innospec, ambayo ilibaki ndiyo inayoitengeneza hiyo kemikali, ilikiri mahakamani 2010, Uingereza na Marekani, kwamba ilihonga maafisa Indonesia na Iraq ili waendelee kununua. Yaani watu walilipwa hongo ndiyo watoto wa nchi yao waendelee kupumua sumu.

Afrika ilikubaliana kuiacha kwa mkutano wa Dakar 2001. Mwaka uliofuata ukaanzishwa muungano wa kusukuma hiyo kazi dunia nzima, na ofisi yake iko hapa kwetu, Gigiri, kwa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa. Kufikia Januari 2006, Kenya na nchi zote za Afrika kusini mwa Sahara zilikuwa zimetoka kwa petroli ya risasi. Nchi ya mwisho duniani ilikuwa Algeria, Julai 2021. Unakumbuka 2021? Tulikuwa bado tunavaa barakoa.

Mimi nilizaliwa 2003. Mamangu aliuza mahindi choma kwa steji, mimba yangu ikiwa tumboni, halafu mimi nikiwa mgongoni. Jioni zote hizo, mathree zikinguruma mita mbili kutoka kwa jiko lake, petroli ilikuwa bado ina risasi. Dadangu alizaliwa 2008.

Sasa sikiliza, kwa sababu najua wengine wataruka hapa. Sisemi niliacha chuo kwa sababu ya risasi. Niliacha kwa sababu ya karo, na pia kwa sababu sikuwa naelewa kile nasomea. Hakuna mtu anaweza kuchukua maisha ya mtu mmoja akasema hii sehemu ni ya moshi na hii ni yako. Na hapo ndipo penye uchungu. Sitawahi kujua. Mama hatawahi kujua. Hakuna aliyetupima, na waliotuuzia walitegemea hivyo.

Risasi ya pili

Petroli ilipoacha risasi, wengi tulidhani stori imeisha. Lakini betri za gari bado zinatengenezwa kwa risasi, na zikikufa lazima mtu aziyeyushe mahali. Kule Mombasa, kijiji cha Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kilifunguliwa 2007 ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Phyllis Omido aliajiriwa hapo 2009. Mtoto wake mchanga akaugua, na vipimo vikaonyesha risasi. Aliacha kazi, akaanza kupimisha watoto wengine, kuandamana, kukamatwa. Kiwanda kikafungwa 2014. Mwaka 2015 akapewa tuzo ya Goldman ya mazingira. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikawapa wanakijiji fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaitengua 2023. Desemba 2024 Mahakama ya Upeo ikairudisha.

Miaka kumi na saba tangu kiwanda kifunguliwe. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa anakaribia kuchukua kitambulisho.

Kwa hivyo nikarudi kwa Anko. Sikumletea Midgley wala Patterson. Nilimwambia hii ya Owino Uhuru, kwa sababu ni betri, na ni watu kama sisi. Akanyamaza. Halafu akasema, "Sasa nikiacha, mtalipa karo ya mtoto na hizi hadithi zako?"

Na hapo yuko sawa pia. Hana kiwanda, hana kampuni, hana daktari wa kulipwa wa kumtetea. Ana sufuria. Ukimlaumu yeye peke yake umekosa adui. Lakini mtoto naye hangoji mpaka mfumo urekebishwe.

Tulichokubaliana ni hiki, na ninakiandika kwa sababu najua kuna wasee huku wana anko kama huyu:

Kuyeyusha kumehama kutoka kwa ploti. Anakodi kona kwa mafundi wenzake wa jua kali, mbali na watoto. Nguo za kazi haziingii nyumbani, na anaosha mikono na uso kabla ya kubeba mtoto. Mahali pa zamani hatufagii kavu tena, tunapiga deki na maji, kwa sababu vumbi ndilo linaingia mdomoni mwa mtoto. Mtoto anakula omena, maharagwe na sukuma, maana tumbo lenye kalsiamu na chuma cha kutosha hunyonya risasi kidogo. Hiyo haiponyi, inapunguza tu. Na mamake atamwambia daktari wazi kwamba mtoto ameishi karibu na betri zikiyeyushwa, aombe kipimo cha damu. Bila kusema hivyo, hakuna daktari atakisia.

Anko bado ananiita profesa wa simu. Sawa tu. Juzi nilimwona akimkemea fundi mwingine aliyeweka bamba la betri karibu na chakula.

Kiswahili kinaiita risasi, jina moja na ile ya bunduki. Ya bunduki ina mlio, kwa hivyo polisi huja, waandishi huja, mtu huulizwa. Hii nyingine ilipigwa karibu miaka 100 kwa kila barabara duniani, na watu waliulizwa kama wamesikia kitu.

Kama kuna mahali mtaani kwenu wanayeyusha betri karibu na watoto, mtumie huyo fundi hii. Usimtumie kwa matusi. Mwambie ni juu ya mtoto.